Magugu na wadudu kwenye bustani ndogo: ununue kipi kwanza?

Kwenye duka la pembejeo macho hukimbilia rafu ya chupa za dawa. Kwa bustani ya matuta matatu manne, chupa mimi naziweka nafasi ya nne.

Ya kwanza ni jembe la palizi lenye bapa jembamba na makali pande mbili, linalokata ukilivuta na ukilisukuma. Jembe la kulimia huchimbua mno na kuibua mbegu za magugu zilizolala chini. Chagua mpini mrefu usiokuinamisha, kisha litikise: bapa likicheza dukani, bustanini litachomoka. Lipitishe sentimita 1 au 2 tu ardhini, siku ya jua kali, magugu yakiwa bado membamba kama uzi, na jua litayamalizia. Ndago haitishwi na hilo. Vijitunguu vyake huchipua tena, kwa hiyo ichimbue mzimamzima.

Ya pili ni matandazo, na huenda usilipe chochote. Majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 yanatosha, ila yasiguse shina. Ukinunua nyasi, uliza kama zilikatwa kabla hazijatoa mbegu. Mimi sikuuliza, nikajipandia magugu kwa mkono wangu.

Ya tatu ni wavu wa wadudu, nao unapanda hadi nafasi ya kwanza ikiwa unalima kabichi na jamaa zake. Angalia tundu kabla ya bei. Tundu la milimita 0.8 humzuia nondo anayetaga mayai ya viwavi, lakini inzi weupe hupenya. Kwao unahitaji karibu milimita 0.3, na wavu wa hivyo hubana hewa, ndani kukawa na joto. Chandarua cha kitandani kilichochakaa hufanya kazi ya kujaribia. Funika siku ileile unayopanda na uzibe kingo kwa udongo, maana ukichelewa utakuwa umewafungia wadudu ndani wakila kwa raha. Maboga na matango yafunue yakianza kutoa maua, nyuki waingie.

Sasa chupa. Mjue mdudu kwanza. Vidukari na utitiri hufa kwa sabuni maalumu ya wadudu, iliyo salama kuliko nyingine, ila lazima iwaguse, kwa hiyo pulizia chini ya majani. Kwa viwavi nunua dawa ya bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis): kiwavi akila jani lililopuliziwa huacha kula na kufa baada ya siku chache, na nyuki hawadhuriki. Jua huiharibu upesi, hivyo pulizia jioni. Mafuta ya mwarobaini huvuruga ulaji na kujivua gamba kwa wadudu wachanga. Usitarajie maiti kesho yake. Dawa ya pareto huangusha haraka, lakini haibagui, huua hata nyuki. Yoyote utakayochukua, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iliyopimwa upya kwenye chupa ya soda iache hukohuko, hata ikiwa ya bure.

Mwisho kabisa ni kiuagugu cha glyphosate. Huua karibu kila jani bichi linaloguswa, na upepo mdogo unatosha kukisogeza hadi kwenye nyanya zako. Kwenye matuta ya mboga sikinunui.