Supu tamu, kitambaa kimoja

Supu ya mbuzi 4,000, chapati 500, pale uchochoroni Kariakoo ninapokunywa kila Jumamosi. Supu yenyewe sina neno: mchuzi mwepesi, na ndimu hawakubanii. Wateja wengi wanasifu choo, eti kinanuka dawa, basi pako safi. Mimi macho yangu yalikuwa kwa dada mhudumu na kitambaa chake cha bluu. Kafuta meza yangu, kafuta ya jirani iliyomwagikiwa maharage, kakichovya kwenye ndoo ya maji ya kijivu, karudi kufuta vijiko. Vijiko! Watafiti Marekani walipima majumbani wakakuta sponji ya jikoni ina bakteria wengi kuliko kiti cha choo. Si ajabu: sponji haikauki na imejaa mabaki ya chakula, choo kinasuguliwa. Chupa ya pilipili nayo inanata. Kila aliyetoka kuning'inia kwenye daladala anaishika. Nikamwambia, "Dada yangu, hivi vijiko vimwagie maji ya moto." Akacheka, akaleta birika. Ndoo ya kunawia ina koki na sabuni ipo, hapo nawapongeza. Nyota tatu. Wakibadilisha kitambaa, naongeza ya nne.