Subaru Forester ya petroli mjini Mombasa: mafuta inayokula kweli

Mwenye gari kubwa la petroli hapa Mombasa huulizwa jambo moja kabla hata ya kuulizwa bei: linakula vipi? Jibu linalotarajiwa ni nambari moja, kilomita kadhaa kwa lita, na kila mtu huondoka na nambari hiyo akaifanyia hesabu zake. Nimeishi na Subaru Forester ya lita 2.0 otomatiki katika misimu yote, kaskazi na kusi, na ninaona kwamba nambari moja haitoshi kabisa, kwa sababu katika mji huu SUV ya aina hii hula mafuta kwa saa zaidi kuliko inavyokula kwa kilomita.

Ninayoizungumzia ni ile ya kizazi cha nne, inayojulikana kwa mafundi na wauzaji kama SJ5, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012 na kuachia nafasi kizazi kilichofuata mwaka 2018. Injini yake ya FB20 ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, zenye nguvu farasi 148. Gia yake ni CVT, yaani haina hatua za moja, mbili na tatu, bali puli mbili zinazobadilisha upana huku mnyororo wa chuma ukizunguka kati yake. Magurudumu yote manne husukumwa wakati wote, tangi hubeba lita 60, na tumbo la gari liko milimita 220 juu ya ardhi. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, SJ5 nyingi zinazouzwa leo ni zile zilizokwisha kuingia nchini na kupita mikononi mwa mtu mmoja au wawili, kwa hiyo hali ya kila moja ni habari yake.

Karatasi za Japani huipa Forester hii kati ya kilomita 15 na 16 kwa lita, kutegemea mwaka na toleo, na wauzaji wa yadi huirudia nambari hiyo bila kueleza ilikotoka. Ilitoka katika kipimo kiitwacho JC08, ambapo gari huwekwa juu ya mitambo inayozungusha magurudumu ndani ya chumba, likaendeshwa kwa dakika 20 hivi na umbali wa kilomita 8 na ushei, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa na bila kufika 82, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Karibu asilimia 30 ya muda wa kipimo gari huwa limesimama, na matoleo yenye mfumo wa kuzima injini gari linaposimama hayachomi hata tone katika muda huo. Msomaji wa Mombasa ajiulize mwenyewe ni lini mara ya mwisho alikaa kwenye foleni ya Kongowea saa kumi alasiri bila kiyoyozi.

Nambari zangu nimezipata kwa njia ya kizamani: kujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kurudisha kihesabu kilomita kwenye sufuri, kuendesha hadi mshale ushuke chini ya robo, kisha kurudi kwenye pampu ile ile na kujaza tena hadi ijikate, bila kukubali yale matone ya ziada ambayo wahudumu hupenda kuongeza ili bei ifike shilingi kamili. Kilomita zilizokwenda zikigawanywa kwa lita zilizoingia, hapo ndipo penye ukweli. Kioo kidogo kilicho juu ya dashibodi nacho huonyesha wastani, na kina manufaa ya kuonyesha mabadiliko papo kwa papo, lakini kama vioo vya magari mengi kina tabia ya kumpendelea mwenye gari. Changu huzidisha kwa nusu kilomita hadi kilomita nzima kwa kila lita.

Katika mzunguko wa kawaida wa mjini, yaani kutoka Bamburi asubuhi, kupita Kongowea na daraja la Nyali hadi Moi Avenue, na kurudi jioni, gari hunipa kilomita 7 hadi 7.5 kwa lita. Shule zikifungwa na magari yakapungua barabarani, njia ile ile, kwa dereva yule yule na mguu ule ule, hupanda hadi 9. Injini haikubadilika, kilichobadilika ni dakika za kusimama. Injini ya lita mbili inayonguruma mahali pamoja huku kiyoyozi kikifanya kazi humaliza karibu lita moja kwa saa, bila gari kusogea hata hatua. Anayesimama dakika 40 kwa jumla kila siku ya kazi huwa amemwaga lita 14 hivi kwa mwezi kabla hajahesabu safari yenyewe.

Nje ya mji hadithi ni nyingine. Ukishavuka Mtwapa kuelekea Kilifi na Malindi, kwa mwendo wa 80 hadi 90, Forester hutoa kilomita 12 hadi 13 kwa lita bila dereva kujibana, kwa sababu CVT huiacha injini izunguke polepole, chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, na hakuna gia ya kubadilishwa. Ukifika 110 gari refu la wima huanza kutozwa na hewa, ambayo upinzani wake huongezeka mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili, na nambari hushuka hadi 10. (Msimu wa kusi, safari ya kwenda Malindi huwa na upepo wa mgongoni na ya kurudi huwa na upepo wa usoni, manahodha wa majahazi walilijua jambo hili zamani, na kioo cha dashibodi nacho hulionyesha.)

Barabara ya Nairobi ndiyo inayowachanganya watu. Ni kilomita 480 na ushei kutoka usawa wa bahari hadi mji ulio juu kiasi cha mita 1,700, na gari hili likiwa na abiria na mizigo lina uzito wa karibu tani 1.8. Kuupandisha uzito huo hadi juu huko kunahitaji nishati ya takriban megajuli 30. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini hugeuza robo yake tu au zaidi kidogo kuwa nguvu ya kusukuma, na iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Kwa hiyo kupanda peke yake hudai lita tatu na nusu hivi, mbali na mafuta ya kusukuma gari barabarani. Ndiyo maana kwenda hunipa 11 na kurudi 13 au zaidi kidogo. Mtu anayejisifu kwamba gari lake lilitoa 14 kutoka Nairobi hadi Mombasa hasemi uongo, alikuwa anateremka. Hata hivyo tangi moja linatosha kufika Nairobi na kubakiza akiba, pamoja na ile kazi ya kuyapita malori kati ya Mariakani na Voi, ambapo CVT hupiga kelele nyingi kuliko mwendo inaoutoa.

Kiyoyozi kinastahili maneno yake. Kuanzia Desemba hadi Machi, gari lililoegeshwa juani Ganjoni tangu asubuhi huwa tanuri, na kompresa hufanya kazi kwa nguvu zote katika kilomita za mwanzo, ambazo kwa wengi wetu ndizo karibu safari nzima. Kufungua milango yote dakika moja kabla ya kuondoka husaidia kuliko ushauri mwingi wa vijiweni. Katika mji, kiyoyozi hunigharimu karibu kilomita moja kwa kila lita, na ninailipa bila kinyongo. Ule mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, ambao huko Japani ndio uliopamba karatasi, hapa haufui dafu: ndani kukianza kupata joto, mfumo huiwasha injini tena ili kompresa izunguke, na betri yake maalumu ni ghali kuliko ya kawaida. Wamiliki wengi huubonyeza uzimwe kila wanapowasha gari, nami ni mmoja wao.

Swali la kivuko cha Likoni na barabara ya Dongo Kundu huletwa kila mara katika mazungumzo ya mafuta, na watu wengi hudhani jibu liko wazi. Tangu barabara hiyo ikamilike mwaka 2024, unaweza kwenda Diani kupitia Miritini, Mwache na daraja la Mteza hadi Kibundani bila kugusa maji. Kutoka katikati ya mji, hata hivyo, unaongeza kilomita 20 hivi, ambazo kwa gari hili ni karibu lita mbili. Saa nzima ya foleni Likoni, injini ikinguruma, ni lita moja. Kwa mafuta peke yake, basi, kivuko bado kinashinda, na kinashinda zaidi ukiizima injini na kushusha vioo. Ninayepita Dongo Kundu ninanunua muda wangu na utulivu, wala sijidanganyi kwamba ninaokoa petroli. Anayeishi Mikindani au Miritini ana hesabu nyingine kabisa, kwani kwake barabara hiyo ndiyo njia fupi.

Tukija kwenye shilingi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, na kwa kuwa mafuta hushukia hapa Kipevu kabla ya kusukumwa kwa bomba kwenda bara, Mombasa hulipa shilingi tatu hivi chini ya Nairobi kwa kila lita. Wapwani tusijivunie sana: hiyo ni shilingi 180 kwa tangi zima. Bei zimepanda na kushuka, na tuliokuwa barabarani Oktoba 2023, Nairobi ilipofika 217.36, miezi michache baada ya kodi ya VAT kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, hatuna haja ya kukumbushwa. Tuchukue 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa 7.5 za mjini, ni shilingi 24,000. Kwa 16 za karatasi ya Japani ingekuwa 11,250. Aliyekopa kununua gari akitegemea nambari ya pili ana pengo la karibu shilingi 13,000 kila mwezi, na pengo hilo halijui mwisho wa mwezi ni lini.

Yapo mambo mawili ya pwani yanayoongeza ulaji polepole bila taa yoyote kuwaka. La kwanza ni chumvi ya hewani, ambayo hushika pini za kalipa za breki hadi pedi zikabaki zimegusa diski. Gari huwa linajivuta, na dalili yake ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi; kusafisha na kupaka grisi pini hizo ni kazi ndogo kwa fundi yeyote anayejua breki. La pili ni tairi. Mfumo wa magurudumu manne hautaki tairi moja mpya na tatu kuukuu, kwa sababu tofauti ya mzingo huulazimisha mfumo kufanya kazi muda wote, hata kwenye lami kavu.

Juu ya yote hayo, bado ninalipenda. Mvua za Aprili na Mei zikituamisha maji barabarani, zile milimita 220 hukupitisha pale ambapo magari ya saluni yamerudi nyuma, na njia za udongo mwekundu za kuelekea Shimba Hills hulipokea gari hili kwa adabu. Vioo ni vikubwa na dereva huona pembe zote, jambo la thamani palipo na tuktuk na bodaboda. Redio ya Kijapani ndiyo kichekesho, maana haifiki masafa ya stesheni zetu nyingi mpaka ufungiwe kifaa cha kubadilisha masafa.

Kwa anayelinganisha, Nissan X-Trail ya T32 na Mazda CX-5 ya petroli, zote za lita 2.0, ziko katika kundi hili hili, na foleni ya Kongowea itazisawazisha. Mazda ina gia ya hatua sita inayopendeza zaidi barabara kuu. CX-5 ya dizeli hula kidogo, lakini chujio lake la masizi huhitaji safari ndefu ya moto ili lijisafishe, na katika safari za Nyali hadi mjini halipati nafasi hiyo. Asiyetoka nje ya kisiwa na Nyali hana sababu ya kubeba mfumo wa magurudumu manne, na fedha zake zitamfaa zaidi kwenye haibridi, yaani gari la petroli na umeme, ambayo kwenye foleni huzima injini huku kompresa yake ya umeme ikiendelea kupoza.

Atakayeamua kuchukua SJ5 aiendee asubuhi, injini ikiwa baridi. Asikilize mlio wa mnyororo wa ndani ya injini sekunde za mwanzo baada ya kuwasha, achomoe kijiti cha oili kuangalia kiwango, aweke gia ya nyuma na ya mbele akihisi kama CVT inachelewa kushika, kisha ainame kuona kutu chini na kulinganisha chapa na ukubwa wa tairi zote nne. Akifika yadini akakuta injini imekwisha kupashwa moto, arudi kesho yake bila kupiga simu.