Faiba au ruta ya laini? Tulichochagua kwenye nyumba mpya hapa Dodoma

Kwa mnaojenga Dodoma na mnakaribia kuhamia, hasa huku pembeni kwenye viwanja vipya, Nzuguni, Iyumbu, Nala, Mkonze na kwingineko, naomba mlifikirie mapema hili la intaneti ya nyumbani maana wengi wanaliacha mpaka wamepaka rangi ndo wanaanza kuulizana. Sisi tumetumia vyote viwili, ruta ya laini (ya kuweka laini ya simu ndani) na sasa faiba (intaneti ya waya wa kioo unaovutwa mpaka nyumbani), na nina msimamo kabisa: kama faiba imefika mtaani kwako chukua faiba, kama haijafika usikae kusubiri ahadi za "inakuja mwezi ujao", chukua ruta, ila pima kwanza kabla hujatoa hela.

Nianze na ruta. Hizi za makampuni ya simu uzuri wake unanunua asubuhi jioni unatumia, hakuna kuchimba wala kusubiri fundi, na ukihama unabeba. Tatizo ni mnara. Mnara mmoja mnagawana mtaa mzima, na tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016 Dodoma nyumba zinaota kila kona, kwa hiyo mchana mtandao unakimbia vizuri tu, alafu ikifika saa mbili usiku watu wote wameshatoka kazini Mtumba kwenye mji wa serikali na mjini, kila nyumba imewasha TV, video inazunguka tu. Ruta yetu tuliuziwa kama ya 5G lakini ndani ya nyumba ilikuwa inashika 4G muda wote, kwa sababu 5G ya masafa ya juu haifiki mbali na ukuta wa tofali unaipunguza sana. Na hilo neno "bila kikomo" kwenye kifurushi someni masharti yake vizuri, mara nyingi kuna kiwango ukishakipita kasi inashushwa mpaka mwezi uishe, na muuzaji hakuambii usipouliza.

Kupima ni rahisi. Azima laini za mitandao tofauti kwa ndugu na majirani, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, nenda kwenye nyumba yako bati likiwa limeshapigwa, saa mbili usiku, pima kasi ukiwa NDANI chumbani na sio barazani. Bati linarudisha mawimbi ndo maana nje unapata vizuri ukiingia ndani inashuka. Halafu jaribu kila upande wa nyumba, dirisha linaloangalia mnara ndo mahali pa kuweka ruta, hata kama ni chumba cha wageni.

Sasa faiba. Kampuni ya kwanza tuliyoiomba (jina silitaji) ilipokea hela ya kuunganisha kabla hata hawajaja kuangalia, ikawa kesho kesho kesho, mwisho wakasema laini yao haijafika kwetu, na kurudishiwa hela ilibidi baba watoto aende ofisini kwao akae mpaka kieleweke. Kwa hiyo sharti langu la kwanza, waje wapime ndo ulipe. Waulize kisanduku cha kugawia faiba kiko kwenye nguzo ipi, wakuonyeshe kwa kidole. Asiyeweza kukuonyesha nguzo huyo hana laini mtaani kwako.

Hawa tulionao sasa walikuja, wakaangalia, wakarudi na waya. Nilisimama pale nikamwangalia fundi kwa sababu nilitaka kujua nalipia nini. Alivua ganda la waya mpaka akabaki na uzi wa kioo mwembamba kama unywele, akaufuta kwa spiriti, akaukata kwa kifaa maalumu, akauingiza kwenye mashine ya kuunganishia, kwenye skrini unaona ncha mbili zinasogeleana mpaka zinayeyuka zinakuwa kitu kimoja. Akapima mwanga, kipimo kikasoma -19 dBm, akasema hapo safi, ikikaribia -27, yaani mwanga umekuwa hafifu, ndo shida zinaanza. Muombeni fundi awaonyeshe hiyo namba na muiandike, siku mtandao ukizingua mnakuwa na pa kuanzia.

Tumechukua 20 Mbps, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Wengine wanadhani hiyo ni MB (megabaiti) 20 kwa sekunde, hapana, gawa kwa 8, unapata MB 2.5, yaani faili la GB 1 linashuka kwa kama dakika saba. Kwa familia yetu inatosha: mmoja yuko kwenye kikao, binti anasoma, TV inaonyesha, na hakuna anayelalamika hata hiyo saa mbili usiku. Hapo ndo nimeiona thamani ya hela yangu.

Kuna vitu vya kufanya kabla ya plasta, tafadhali sana. Mwambie fundi umeme aweke paipu ya peke yake kutoka ukuta wa nje mpaka katikati ya nyumba, isichanganyike na waya za umeme, aache kamba ndani ya kuvutia, na kona ziwe za taratibu maana faiba ikikunjwa sana mwanga unapotea. Ruta ya faiba ikae koridoni, sio kwenye kona ya sebule nyuma ya TV. Wi-Fi ya 5 GHz ina kasi ila ukuta wa pili inachoka, ya 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole, na kwa nyumba ndefu vuta waya wa mtandao wa Cat6 mpaka chumba cha mwisho uweke kifaa kingine cha Wi-Fi kule.

Umeme nao. Vigawanyo vya faiba (vinavyogawa mwanga kwenda nyumba mbalimbali) huko njiani kwa kawaida havitumii umeme, kwa hiyo ukikatika mtaani kwenu kinachozima ni kifaa chako cha ndani tu. Angalia adapta yake, nyingi ni volti 12, kuna viUPS vidogo (betri za akiba umeme ukikatika) vya volti hizo, nunua kinacholingana na ampea zilizoandikwa hapo na unaendelea na kazi gizani.

Ila ruta ya laini sijaitupa. Juzi katapila limepita kuchonga barabara ya mtaa likang'oa waya, taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba (inayoonyesha mwanga haufiki) ikawaka nyekundu, mafundi wakaja kesho yake. Hiyo siku tulitumia ruta na bando dogo la siku, na kikao cha baba watoto kikaenda.