Pikipiki ya umeme kwa bodaboda wa Mwanza: faida ipo, ila barabara ataitunza nani?

Pikipiki nyingi za umeme zinazolengwa kwa bodaboda zina betri ya lithiamu ya volti 72 na Ah (ampia-saa) 40, yaani karibu uniti 2.9 ikijaa. Kwa abiria mmoja, barabara ya Nyakato hadi Igoma, tegemea kilomita 70 kwa chaji. Ukishinda unapandisha Bugando na njia za mawe za milimani, toa robo. Muuzaji anayeahidi kilomita 120 amepima bila abiria.

Kinachouza chombo hiki ni hesabu ya mafuta. Pikipiki ya petroli ya cc 125 au 150 ikipiga kilomita 120 kwa siku inakunywa lita 3 hivi. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni 9,000. Ya umeme inakula uniti 5 na nusu ukihesabu na upotevu wa chaja. Kwa Luku ya kawaida, uniti ni kama shilingi 356 pamoja na VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), kwa hiyo hufiki 2,000. Shilingi 7,000 zinabaki mfukoni. Sharti ni kwamba kilomita 120 zinahitaji betri ya pili au kituo cha kubadilishia, maana kuchaji huchukua saa 4 hadi 5 na abiria hawasubiri.

Kwa vilima vya Mwanza chagua yenye mota ya katikati inayovuta kwa mnyororo. Mota iliyo ndani ya rimu hupata moto haraka mlimani, kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota) inakata nguvu, na dereva anajikuta amesimama kwenye mwinuko na abiria mgongoni. Betri ikionekana imekufa ghafla, anza na plagi yake: ikilegea hupata moto na plastiki huyeyuka. Shaba ikishakuwa nyeusi, badilisha pande zote mbili. Usioshe kwa mpira wa presha chini ya kiti, ndipo kontrola ilipo. Nyumbani chaji kwa soketi ya ukutani yenye waya wa milimita 2.5, si kwa ekstensheni, na uache betri ipoe nusu saa kwanza.

Kama chombo, tunakipendekeza. Suala zito liko kwenye zile shilingi 7,000, kwa sababu sehemu yake ilikuwa pesa ya barabara. Tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, ambao huzigawia TANROADS (barabara kuu na za mikoa) na TARURA (barabara za vijijini na mijini), inazidi shilingi 400 kwa lita. Mwaka 2021 pekee iliongezwa 100 kwa ajili ya barabara za TARURA. Lita 3 kwa siku 300 ni zaidi ya 360,000 kwa mwaka kwa pikipiki moja. Pikipiki 1,000 zikihamia umeme, zimeondoka milioni 360 kwa mwaka. VAT ya Luku haizibi pengo hilo, inakwenda Hazina. Na ada ya mwaka ya vyombo vya moto ilifutwa mwaka 2017, mzigo ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta. Asiyenunua mafuta hana tena mahali pa kuchangia.

Haki itendeke hapa: pikipiki haiharibu lami. Uharibifu hupanda kwa kasi kubwa kadiri uzito wa ekseli unavyoongezeka, ndiyo maana malori hupitishwa mizani. Lakini adui mkubwa wa barabara za milimani ni maji. Mtaro usipozibuliwa kabla ya masika, mvua inachimba ukingo na mawe yanang'oka, na kulijenga upya eneo hilo ni ghali mara nyingi kuliko kuuzibua. Kazi hizo ndogo ndizo huahirishwa kwanza fedha zikipungua.

New Zealand tangu Aprili 2024 inatoza magari ya umeme kwa kilomita, dola 76 za huko kwa kila 1,000. Kwa bodaboda, kusoma mita za kilomita ni usumbufu. Tozo ndogo kwenye vituo vya kubadilishia betri ingekusanyika kirahisi, ikielekezwa Mfuko wa Barabara moja kwa moja. Tungeiweka chini kuliko ya petroli, ili pikipiki isilipie makosa ya lori.

Anayesaini mkataba wa miaka miwili na bosi aweke shilingi 500 kwa siku kwenye hesabu yake kwa ajili ya tozo ya namna hiyo. Bado anabaki na 6,500, na dhamana ya betri aidai kwa maandishi.