Piano ya nyuzi au ya umeme kwa mtoto anayeanza, Kigoma

Mzazi wa Kigoma anayetafuta piano iliyotumika ana njia mbili: ile ya mbao yenye nyuzi, au ya umeme.

Kwa sauti, ya nyuzi haina mpinzani. Kila kitufe kinarusha nyundo inayogonga nyuzi, na mtoto anajua mapema kwamba mkono wake ndio unaoamua sauti iwe kubwa au laini. Lakini ndani mna nyuzi zaidi ya 200, zimekazwa kwenye vigingi vya chuma vilivyoshikwa na ubao. Mvua zinauvimbisha ubao huo, kiangazi kinaukausha. Ukipasuka, vigingi vinalegea, na hapo hata fundi hodari hawezi kuifanya ishike sauti. Na fundi mwenyewe utampata wapi? Tena piano hii huwa na kilo 200 na zaidi, na reli kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Ya umeme haikazwi nyuzi, na usiku mtoto anavaa hedifoni. Umeme ukikatika inanyamaza, hilo linavumilika. Nisichokubali ni kinanda chepesi cha vitufe 61: vidole havijengeki. Tafuta yenye vitufe 88 vizito, bonyeza kimoja kimoja, polepole kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, iache.

Kwa mtoto wa hapa ningenunua ya umeme. Ya nyuzi ningeichukua tu ikiwa tayari iko mjini na vigingi vyake vimekaguliwa na anayeijua kazi.