Baiskeli chini ya mivinje ya Bamburi: uzoefu wangu wa miezi mitano

Mimi ni mshonaji, na kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi hadi adhuhuri niko kwenye cherehani, baada ya swala na chakula nairudia, na Idi ikikaribia hufika hata saa sita za usiku sijainuka. Mwezi wa tatu nilikwenda kupimwa kwa sababu ya kizunguzungu. Daktari akaniambia sukari imeanza kupanda; kisukari bado, lakini njia ndiyo hiyo. Akaniuliza, "Mama, kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikanyamaza, maana kutoka chumbani hadi dukani kwangu ni hatua chache tu.

Nilianza na kutembea Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni mjini Mombasa. Tangu pale mahali patengenezwe upya mwaka 2019 pamekuwa pazuri, upepo wa bahari unakupiga usoni mwanzo hadi mwisho. Lakini mimi naishi upande wa Bamburi. Kuvuka daraja la Nyali jioni ni safari nzima, na ukifika umati umejaa na harufu ya mihogo ya kukaanga iko kila hatua kumi. Isitoshe goti la kulia lilianza kuniuma. Binti yangu ndiye aliyeniambia, "Mama, si ulikuwa ukiendesha baiskeli zamani?" Kweli nilikuwa nikiendesha. Kaka yangu alikuwa na baiskeli ya blek mamba, nami nilijifunzia hiyo, mguu mmoja umepita chini ya bomba la juu kwa sababu sikuifikia siti.

Ya kwanza niliikodi kwa kijana mmoja wa mtaani, na hilo nalisema ili wengine wajihadhari. Sikuikagua. Breki ya nyuma ilikuwa imeisha kabisa, na mnyororo haukuwa na kava. Nilikuwa nimevaa dera. Sijafika mbali, pindo likaingia kati ya mnyororo na meno, likavutwa mara mbili, nikasikia kitambaa kikikaza kiunoni na baiskeli ikasimama ghafla. Nilianguka kwa ubavu kwenye mchanga, kiwiko kikachubuka. Kulitoa dera lile ilibidi kuuzungusha mnyororo kinyumenyume kwa mkono, jino baada ya jino, na grisi iliyobaki haikutoka mpaka leo. Baada ya hapo nikasema, nikipanda tena nitapanda yangu.

Nikanunua ya mtumba, ya kike, ile ambayo bomba lake limeinama mbele ili usilazimike kurusha mguu. Fundi wa mtaani kwetu, mzee mmoja mwenye subira sana, alibadilisha vibao vya breki na tyubu ya mbele, akanipandishia siti. Mimi nilitaka iwe chini nikanyage ardhi vizuri. Akakataa: "La, mwanangu. Pedeli ikiwa chini kabisa mguu wako uwe karibu kunyooka, ukunjike kidogo tu. Siti ikiwa chini utaliua goti." Alikuwa na haki. Goti lile lililouma kwa kutembea halijaniuma kwa baiskeli, kwa sababu uzito wangu unabebwa na siti.

Sasa nije kwenye mahali penyewe. Naendesha Bamburi Forest Trails, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, mkono wa kushoto ukitokea mjini. Wageni wengi huichanganya na Haller Park. Zote mbili zilizaliwa na machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954. Haller Park ndiko kwenye viboko, twiga na kobe wakubwa, na ndiko alikopelekwa yule kiboko mchanga, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe Mzee kama mama yake. Forest Trails ni msitu wa kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Kwa mtu anayetaka mazoezi, ya pili ndiyo yake.

Kivuli ndicho kilichonifanya nirudi. Anayejua Mombasa wakati wa kaskazi anajua ninachosema: saa tatu ya asubuhi lami tayari inachoma. Lakini chini ya mivinje jua linafika limechujwa, na upepo ukipita juu miti ile inatoa sauti kama wimbi linalorudi baharini. Njia imetandikwa majani yake membamba, ya rangi ya kahawia, tairi inapita juu yake bila kelele. Kuna vidimbwi pale walipochimba hadi kuyakuta maji, na ndege wengi sana asubuhi.

Nilikuwa napita tu mpaka siku moja jongoo mweusi mwenye miguu myekundu alipokatiza mbele yangu. Nikafunga breki, nikashuka, nikamsubiri. Jongoo huyo ana historia pale. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo hayo yaliyokuwa matumbawe matupu, bila udongo, na maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26, zikaponea chache, na mvinje ndio uliotamba, maana mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoipatia naitrojeni kutoka hewani. Tatizo likawa majani: yalianguka yakarundikana, hayaozi. Ndipo akaletwa jongoo, anayeyala makavu hivyo hivyo, na kinyesi chake kikawa chakula cha bakteria, kidogo kidogo udongo ukapatikana. Nilipoinama siku ile nikafukua kwa kidole, chini ya majani nilikuta udongo mweusi, laini, wenye unyevu. Uliumbwa na mdudu yule na jamaa zake. Tangu hapo nikimwona njiani nampa njia.

Kuhusu mwendo, nawasihi wanaoanza: nenda polepole. Mwenda pole hajikwai. Kipimo changu ni mdomo. Kama naweza kuzungumza na binti yangu lakini siwezi kuimba, mwendo ni sawa. Nikishindwa kumaliza sentensi, napunguza. Wiki za mwanzo nilifanya dakika ishirini Jumamosi na Jumapili basi, na hata hizo mapaja yalikuwa yakitetemeka nikishuka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwezi wa tatu wa kuendesha ndipo nilipozifikia: dakika arobaini, mara nne. Mbili msituni, mbili kwenye njia za vumbi mtaani kwetu alfajiri kabla magari hayajaamka.

Matokeo niyaseme kama yalivyo. Nimepungua kilo nne kwa miezi mitano. Sukari nilipopimwa tena imeshuka, daktari anasema bado tuiangalie. Sitaipa baiskeli sifa zote, kwa sababu chai yangu pia nimeipunguzia sukari na mahamri nimeyaacha yawe ya Ijumaa. Lakini usingizi, huo naujua umetoka wapi. Na mgongo uliokuwa ukiniuma kila alasiri kwenye cherehani sasa unafika hadi magharibi bila malalamiko.

Mambo machache ya kujua. Fika mapema, jioni za mwisho wa wiki watu ni wengi na watoto hukatiza njia bila kutazama. Baada ya mvua ya masika majani ya mvinje yakilowa huteleza kwenye kona, kwa hiyo punguza kabla ya kona, usifunge breki ndani yake. Chukua maji na pampu ndogo. Chakula kifunge vizuri, tumbili wako macho. Kwenye barabara kuu mimi sipandi kabisa, nashuka nasukuma pembeni, maana matatu na malori hayana simile.

Kina mama wengi wameniuliza kuhusu suruali ninayovaa chini ya kanzu fupi, nimeishona mwenyewe. Mita mbili za pamba nyepesi zenye upana wa inchi 60 zinatosha. Miguuni tia lastiki ya inchi moja, na mguu wa kulia uufupishe kidogo ukae juu ya kifundo, kwa sababu mnyororo uko upande huo. Usiache mishono minne ikutane katikati pale unapokalia, itakuchubua. Weka kipande cha pembe nne, upana wa kiganja, mishono iende pembeni, kisha piga pasi iwe bapa kabla hujavaa.