Kampuni ya jezi Mwanza: uzoefu wangu, nimeitwa mwizi mbele ya mteja

Nimefanya kazi mwaka na kitu kwenye kampuni moja ya vifaa vya michezo hapa Mwanza, upande wa kuchapa jezi. Jina silitaji. Niliingia kipindi kile Pamba Jiji wamepanda Ligi Kuu, 2024, mji umechangamka, oda mpaka tunalala dukani.

Kazi yenyewe naipenda. Ukishapiga presi, ile mashine ya joto ya kubandikia namba, ukavuta ile nailoni ya juu polepole, namba ikabaki imekaa sawa mgongoni, unasikia raha.

Uongozi ndio hovyo. Vinili, ile plastiki yenye gundi ya kukatia namba, ikiisha hawanunui, hela ya mteja inaenda kusikojulikana. Ikaja oda ya timu moja ya Ukerewe, jezi 18, wanawahi meli ya Nansio. Vinili iliyokuwepo ni mabaki ya zamani, gundi imeshakufa. Nikamwambia meneja hii haitashika. Akasema, "Wewe piga presi tu, hao watajua nini?" Nikapiga. Hapo nilikosea, nakubali.

Hazikumaliza hata mechi moja. Mwalimu wao akarudi na mfuko, akamwaga jezi kaunta. Namba 8 imebanduka upande mmoja, imebaki 3. Mzee wa watu hata hakufoka. "Dada, vijana wangu wamechekwa uwanjani."

Nikiwa bado natafuta cha kumjibu, meneja akatoka ndani akaninyooshea kidole: "Mwizi ni huyu! Vinili nzuri anaiuza, wateja anawabandikia uchafu." Mbele ya mwalimu, mbele ya wapita njia. Mikono ilinitetemeka, nikashindwa hata kukunja zile jezi. Mwisho wa mwezi nikakuta nimekatwa 90,000.

Na kwa kuwa ameanza yeye habari za wizi: mshahara wangu ulikuwa unakatwa asilimia 10 ya NSSF kila mwezi, na mwajiri anatakiwa apeleke jumla ya asilimia 20. Nimeenda kuangalia, imeingia miezi mitatu tu. Zingine ziko wapi? CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, nako nimeambiwa dai la mshahara lina siku 60, zangu zimeshapita. Nyie mlio kazini sasa hivi, angalieni michango yenu leo.

Kuna mdogo wangu ameniuliza kama aombe kazi pale. Nilimwambia aende, maana presi nimejifunzia hapo na mafundi wenzangu ni watu wazuri sana, tulikuwa tunachangiana hata nauli ya daladala. Lakini nikikumbuka kile kidole... Hapana. Asiende. Hata kama hana kazi, asiende.

Ile 90,000 wabaki nayo. Ninachotaka ni meneja apige simu Ukerewe, amwambie yule mwalimu kwamba mimi sikuiba.